Nyama si adui wa mbwa mzee, ila steki na wali havimtoshi

"Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji. Ana miaka 11, na alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo 22. Miaka yote alikula ugali kwa dagaa na mabaki ya mezani. Mwanzoni mwa mwaka huu akaanza kukonda mgongoni, anaamka kwa shida asubuhi, na mdomo unanuka. Nikaona niuheshimu uzee wake: tangu mwezi wa nne nampikia mwenyewe steki au kidari cha kuku, wali, karoti, na kitunguu saumu kidogo cha kufukuza kupe. Anakula mpaka analamba bakuli. Sasa jirani yangu anayefuga mbwa wengi anasema mbwa mzee hapewi nyama, figo zitakufa. Duka la dawa za mifugo wameniuzia DCP, unga wa madini wa mifugo, nimchanganyie. Mume wangu anacheka, anasema mbwa ni mbwa, nimrudishe kwenye ugali. Chakula cha mfuko siwezi kumudu kila mwezi. Nimpikie nini, na kiasi gani?"

Kazi ni njema, dada, na pole kwa kumhangaikia mzee. Umemtoa kwenye ugali ukampandisha hadi kwenye steki, kila mtu ana neno lake, na hujui umsikilize nani. Nikuambie tu kwamba kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, mume wako akiwemo. Ila hakuna aliyeuliza kitu ambacho mimi ningeanza nacho: huyu mbwa alianza kukonda kabla hujabadilisha chakula. Kwa nini? Hilo nitalirudia, maana jibu lake haliko jikoni.

Nianze na jirani, kwa sababu kauli yake nimeisikia mara nyingi na inawadhuru mbwa wengi. Ni kweli kwamba figo iliyokwisha kuumwa hushindwa kutoa nje mabaki yanayotokana na protini, na mabaki hayo yakijaa kwenye damu mbwa anatapika, anakataa kula, na mdomo unanuka vibaya. Ndiyo maana mbwa mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa nyama. Watu wakachukua tiba ya mgonjwa wakaifanya sheria ya kila mzee. Hakuna ushahidi kwamba nyama huziharibu figo nzima za mbwa. Mambo ni kinyume chake: mwili wa mbwa mzee huitumia protini kwa uhodari mdogo kuliko wa kijana, kwa hiyo anahitaji protini zaidi kidogo ili misuli isiyeyuke. Usipompa, mwili unajitafuna wenyewe, ukianza na misuli ya mapaja na ile inayopita kandokando ya uti wa mgongo. Pitisha vidole mgongoni mwa mbwa wako. Ukihisi pingili zimechomoza moja moja kama shanga, hiyo ni misuli iliyopotea, hata kama tumbo bado lina mafuta. Mbwa kama huyo ukimnyima nyama unamalizia kile uzee ulichoanza.

Kwa hiyo kwenye nyama umefanya vizuri. Tatizo ni kilichotoka kwenye bakuli siku nyama ilipoingia.

Ulipomwachisha dagaa, ulimwachisha mifupa. Dagaa mkavu huliwa mzima na mifupa yake laini, na humo ndimo mbwa wako alipokuwa akipata kalsiamu miaka yote bila mtu kujua. Steki haina kalsiamu ya kutajwa. Gramu 100 za nyama laini ya ng'ombe zina takriban miligramu 10 tu, huku fosforasi ikikaribia miligramu 200. Mbwa wa kilo 22 anahitaji kama gramu 1.1 ya kalsiamu kwa siku. Piga hesabu utaona: ingebidi ale zaidi ya kilo 10 za steki kila siku. Wali na karoti haviongezi kitu cha maana hapo.

Mwili hauwezi kukubali kalsiamu ishuke kwenye damu, kwa sababu moyo na mishipa ya fahamu vinaitegemea kila sekunde. Shingoni, karibu na tezi ya thiroidi, kuna tezi nne ndogo ambazo kazi yake ni kupima kalsiamu ya damu. Zikiona chakula hakileti kitu, na fosforasi imezidi, zinatoa homoni inayoamuru mifupa iachie kalsiamu yake. Damu inabaki sawa, mifupa inapungua. Kwa watoto wa mbwa madhara huonekana ndani ya wiki chache: miguu inapinda, mfupa unavunjika kwa kuruka ngazi moja. Kwa mbwa mkubwa huchukua miezi mingi hadi miaka, na mara nyingi taya ndilo hutangulia kulainika, meno yakaanza kucheza. Ubaya wake ni kwamba ukimpima kalsiamu kwenye damu majibu yanaweza kutoka mazuri kabisa, ukarudi nyumbani ukiwa na amani. Wewe umemlisha hivi kwa miezi tu. Hujachelewa, ila usiendelee.

Hapo ndipo duka la dawa lilipowaza vizuri likauza kitu kisichofaa. DCP inaleta kalsiamu, sawa, lakini inakuja na fosforasi nyingi vilevile, na fosforasi kwenye nyama tayari ipo ya kutosha. Ni kirutubisho cha ng'ombe na kuku, wanyama wanaokula majani na nafaka. Kwa mbwa mzee ambaye hatujajua figo zake zikoje, fosforasi ndiyo ninayoiogopa kuliko protini yenyewe. Iweke pembeni, kama huna kuku mpe jirani mwenye nao.

Badala yake tumia maganda ya mayai. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yaanike au yakaushe kwenye oveni, kisha uyasage kwenye blenda au uyatwange kwenye kinu mpaka yawe unga laini kabisa usiokwaruza ukiusugua kati ya vidole. Ganda la yai moja lina karibu gramu 2 za kalsiamu na fosforasi kiduchu sana. Mbwa wako anahitaji kama gramu 3 za unga huo kwa siku, yaani nusu kijiko cha chai kilichojaa kidogo. Ganda moja linamtosha siku mbili. Sijui dawa nyingine ya bei hiyo.

Kitunguu saumu acha leo hii. Hakifukuzi kupe, na jamii yote ya vitunguu, kibichi, kilichopikwa au cha unga, ina viambato vinavyochoma seli nyekundu za damu za mbwa hadi zikapasuka. Kidogo cha kila siku kinajilimbikiza. Isitoshe, kupe wa kwetu wanaleta erlikiosisi, ugonjwa ambao nao unapunguza damu, kwa hiyo unamwongezea mzee mzigo juu ya mzigo. Hii ni pamoja na mchuzi wa mezani, ambao jikoni kwetu haupikwi bila kitunguu. Kupe wanaondoka kwa dawa ya kupe. Zabibu, chokoleti na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli nazo zisimfikie, na kama mna makadamia nyumbani, zifungieni.

Sasa mume wako. Hajakosea sana kama unavyodhani. Mbwa aliyeishi na binadamu maelfu ya miaka si mbwa mwitu: ana uwezo wa kumeng'enya wanga uliopikwa, na ugali uliochemka vizuri unamwingia bila shida. Ugali ukiwa sehemu ya bakuli ni chakula halali, ukiwa bakuli zima ndipo misuli inapoisha. Ninachokihofia zaidi ni unga wenyewe. Nyumba nyingi zinanunua unga wa daraja la chini "wa mbwa", mahindi yaliyoota ukungu au chenga zilizokaa ghalani, na humo ndimo sumukuvu inapokaa. Kupika hakuiui. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, huko Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue na 125 kati yao wakafa, na ini la mbwa nalo halistahimili sumu hiyo. Kanuni yangu ni fupi: unga ambao usingewapikia watoto usimpikie mbwa.

Na kwa kuwa steki ni ghali, najua siku moja utashawishika kununua utumbo, mapafu na maini ya machinjioni. Nunua, ni chakula kizuri, lakini uchemshe mpaka viive kabisa. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe hubeba malengelenge ya maji yenye vichwa vya tegu mdogo. Mbwa akiyala mabichi, tegu huyo anakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto anayemshikashika mbwa anaweza kuota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana imejulikana miaka mingi kwa ugonjwa huo, na kwa wafugaji wa Kimasai upo pia. Sipingani na wanaosifu nyama mbichi kwa ubishi, napingana nao kwa sababu ya hili. Mifupa iliyopikwa nayo usimpe, hasa ya kuku: inavunjika kwa ncha kali, na kwa mbwa mwenye meno yaliyochoka inaweza kumvunjia jino lililobaki au kumziba utumbo.

Turudi kwenye kukonda. Kuna kitu hukuandika: maji. Anakunywa kiasi gani? Mpimie siku mbili tatu, weka maji kwa lita uone kilichobaki jioni. Mbwa wa kilo 22 anayekunywa zaidi ya lita 2.2 kwa siku ana tatizo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kwa kuwa chakula cha kupika kina maji mengi ndani yake, hatakiwi kunywa sana kama mbwa anayekula chakula kikavu. Kama unaona bakuli la maji linaisha haraka zaidi, hiyo ni habari.

Mbwa wa miaka 11 anayekonda huku anakula vizuri anaweza kuwa na figo zinazochoka, kisukari, uvimbe mahali, minyoo, au erlikiosisi ya muda mrefu. Mdomo kunuka unaweza kuwa ukoga na meno yaliyooza, na unaweza kuwa figo. Mimi nikiwa hapa siwezi kuvitenganisha, na chakula chochote nitakachokuandikia kinaweza kumfaa mwenye tatizo moja kati ya hayo kikamdhuru mwenye jingine. Kwa hiyo mpeleke apimwe, wiki hii ikiwezekana, wala usingoje mpaka akatae kula. Omba damu ipimwe kreatinini na urea (mabaki yanayotakiwa kutolewa na figo), fosforasi, sukari na wingi wa damu, na mkojo upimwe uzito wake, yaani kama figo bado zinaukoleza. Kipimo cha mkojo wengi wanakiruka, nami nakithamini sana, kwa sababu kreatinini hupanda pale karibu robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea, ilhali mkojo mwepesi unaweza kutoa taarifa mapema zaidi. Daktari afungue mdomo aangalie meno hadi nyuma. Kama mko karibu na Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, inaweza kufanya yote hayo. Kwa msomaji wa Nairobi, kuna Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwingineko, daktari wa mifugo wa wilaya atakuelekeza maabara ilipo.

Kuhusu kuamka kwa shida: huenda ni baridi yabisi, na kuna dawa zake za mbwa. Tafadhali usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya nyumbani. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuzimaliza figo, na kila mwaka tunapokea mbwa waliopewa kwa upendo.

Kama figo zikionekana ni nzima, hiki ndicho ningempa. Mbwa wa kilo 22, mzee, asiyekimbia sana, anahitaji kilokalori kati ya 900 na 1,000 kwa siku. Nyama isiyo na mafuta mengi gramu 350 ikiwa mbichi, itabaki kama 250 ikishaiva. Ng'ombe iwe mara nyingi kuliko kuku, kwa sababu ina zinki zaidi. Ndani ya wiki, siku mbili badilisha sehemu ya nyama kwa samaki au mayai mawili yaliyoiva. Wali uliopikwa gramu 200, au ugali kiasi hichohicho. Karoti au boga gramu 80 hivi, iliyopondwa. Maini ya ng'ombe gramu 25, kipande cha vidole viwili, si zaidi: yanampa shaba na vitamini A, lakini vitamini A ikizidi inajikusanya na kuumiza mifupa na ini. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti, uyamimine chakula kikishapoa. Nusu kijiko cha chai cha unga wa maganda. Chumvi yenye madini joto, ncha ya vidole. Chemsha nyama kwa maji kidogo na mchuzi wake umwage humohumo ndani, bila kiungo chochote.

Gawa mara mbili au tatu kwa siku, tumbo la mzee halipendi mzigo mmoja mkubwa. Ukitaka kurudisha dagaa, na mimi napenda, chagua wasio na chumvi, waoshe mchanga, waroweke, na siku hiyo unga wa maganda uache: gramu 100 za dagaa wakavu zina kalsiamu mara mia na zaidi ya steki, kwa hiyo konzi moja inatosha. Pima uzito wake kila baada ya wiki mbili, ukimbeba na kupanda naye kwenye mizani kisha ujitoe wewe. Akifika mahali mbavu zinahisika kwa kugusa bila kuonekana kwa macho, simama hapo, usimnenepeshe. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliowafuatilia Labrador 48 maisha yao yote: waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya ndugu zao, na viungo vyao vilichelewa kuuma.

Lakini nisikudanganye kwamba bakuli hilo limekamilika. Bado linapungukiwa vitamini D, vitamini E, madini joto, na mara nyingi zinki. Vitamini D hasa inawashangaza watu: ngozi ya mbwa haitengenezi ya kutosha hata akianikwa juani siku nzima, lazima aile. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, mengi yakiwa yameandikwa na madaktari wa mifugo wenzangu, na asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Wala kubadilisha mapishi kila wiki hakukusaidia, kwa sababu mengi yalipungukiwa vitu vilevile. Ndiyo maana mimi sipiki bila unga wa vitamini na madini uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa wanaopikiwa nyumbani, na ukiuleta kliniki daktari akausoma, atakuambia kama kalsiamu imo tayari ili upunguze maganda. Vidonge vya binadamu usivikisie. Premiksi ya kuku, yaani unga wa vitamini na madini wa kuku, pia hapana.

Na chakula cha mfuko usikifute moja kwa moja. Kile kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa mbwa mkubwa kina hivyo vyote vinavyokosekana kwenye sufuria. Neno "mzee" kwenye mfuko lisikupandishie bei, halina kipimo maalumu cha kisheria nyuma yake. Ukimpa nusu ya mfuko na nusu ya kupika, gharama inashuka na mapengo yanapungua sana. Ile nusu ya kupika iwekee nusu ya unga wa maganda. Kwa mtu wa bajeti yako hili ndilo ningechagua, kuliko kupika kila kitu. Ila nunua mfuko uliofungwa. Kile cha kupimiwa kilo kutoka gunia lililoachwa wazi, mafuta yake yameshachacha na hujui ni cha nani.

Kama majibu yakionesha figo zinaumwa, kipimo chote hiki kinabadilika: nyama inapungua, dagaa wanatoka, ute wa yai na mafuta vinachukua nafasi, na hapo chakula maalumu cha figo, kama kinapatikana, kimeonekana kurefusha maisha ya mbwa. Usijitungie hicho mwenyewe. Na usingoje miadi kabisa kama atakataa kula siku nzima, akitapika mara kwa mara, akinya choo cheusi kama lami, ufizi ukipauka, tumbo likivimba ghafla, au akishindwa kusimama: hiyo ni siku hiyohiyo.

Ukienda, andika kila anachokula kwa wiki moja, pamoja na vile anavyotupiwa na watoto chini ya meza. Chukua mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi, ukichelewa uweke kwenye friji. Majibu yakitoka nitumie kreatinini, fosforasi, uzito wa mkojo na kilo zake za sasa, nami nitakurekebishia gramu za nyama kulingana na hizo namba. Unga wa maganda anza nao leo.